Kijipicha ni nini, na kwa nini simu inakihifadhi?

Kijipicha ni nakala ndogo ya picha, iliyopunguzwa vipimo ili ikae mahali pa picha yenyewe pale ambapo huna haja ya kuiona yote. Vile viraba vinavyojipanga safu kwa safu ukifungua galari ya simu ni vijipicha. Ile picha yenye ukungu inayotangulia kwenye WhatsApp kabla hujaipakua ni kijipicha pia, kidogo kupita kiasi, kilichosafiri pamoja na ujumbe. Neno limeundwa kwa njia tuliyoizoea: kitabu kidogo ni kijitabu, picha ndogo ni kijipicha. Waingereza hukiita thumbnail, wakikifananisha na ukucha wa kidole gumba. Mimi napenda letu zaidi, maana linataja kitu chenyewe.

Wengi hudhani kazi yake ni kupendezesha tu galari. Tupige hesabu kidogo tuone. Picha ya kamera ya megapikseli 12 ina nukta 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. Ikiwa imelala kwenye hifadhi imebanwa, mara nyingi kwa mfumo wa JPEG, kwa hiyo inachukua kama megabaiti 3 hadi 5. Lakini picha iliyobanwa haiwezi kuonekana. Ni lazima ifumuliwe kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo simu hufanyia kazi zake, na huko kila nukta kwa kawaida hudai baiti 4. Picha moja, megabaiti 48. Sasa fikiria galari inayoonyesha picha 4 kwa safu, safu 6: picha 24 mara megabaiti 48 ni megabaiti 1,152. Simu ya RAM ya gigabaiti 2, na watu wengi kwetu bado wanatumia simu za namna hiyo, ingekuwa imemaliza zaidi ya nusu ya RAM yake kabla hujatelezesha kidole hata mara moja.

Na yote hayo ni ya nini? Kama skrini ina upana wa nukta 720, kila kiraba kinapata nukta 180 kwa 180 tu. Kijipicha cha kipimo hicho kikifumuliwa hakifiki kilobaiti 130, na vyote 24 ni kama megabaiti 3. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya galari iteleze kwenye simu ya bei ya chini badala ya kukwama na kuchemsha betri.

Kuna hatua mbili: kukitengeneza na kukitunza. Katika kutengeneza, njia ya mkato iliyo bora ni kutoigusa kabisa picha kubwa. Kamera nyingi, zikiisha kupiga picha, huweka kijipicha ndani ya faili lilelile la picha, kwenye sehemu ya maelezo iitwayo Exif, ulipo pia muda wa kupiga na aina ya kamera. Kipimo chake cha kawaida ni nukta 160 kwa 120. Sehemu hiyo yote haiwezi kuzidi kilobaiti 64, na iko mwanzoni mwa faili, kwa hiyo programu husoma kipande kidogo cha mwanzo na kuachana na megabaiti zilizobaki. Ubaya ni kwamba 160 kwa 120 ilitosha enzi za skrini ndogo za kamera za dijitali. Kwenye simu ya leo inatoka na ukungu. Ndiyo maana baadhi ya programu hukionyesha hicho kwanza, kisha hukibadilisha kimyakimya na kilicho safi zaidi.

Hicho kilicho safi kinatoka kwenye picha kubwa, na hapa pana ufundi ambao kila nikiufikiria naufurahia. JPEG haiihifadhi picha nukta kwa nukta. Huikata vipande vya nukta 8 kwa 8, na kila kipande cha nukta 64 huandikwa kama orodha ya namba. Namba ya kwanza hubeba wastani wa mwanga au rangi wa kipande kizima; zinazofuata hueleza mabadiliko madogo madogo ndani yake. Basi, ukitaka picha iliyopungua mara nane kila upande, chukua namba ya kwanza ya kila kipande na uziache nyingine. Picha ya 4000 kwa 3000 inatoka moja kwa moja ikiwa 500 kwa 375, nayo kwenye RAM ni chini ya megabaiti 1. Faili bado linasomwa lote, lakini hesabu nzito za kurudisha kila nukta zinarukwa, na zile megabaiti 48 hazidaiwi kamwe. Libjpeg, mkusanyo wa msimbo ulio tayari ambao programu nyingi hutumia kufungua JPEG, inaweza kupunguza hivyo kwa nusu, robo au thumuni wakati wa kufumua. Aliyeandika galari na kuipuuza njia hii, akafumua picha nzima ndipo aipunguze, anawaumiza wenye simu dhaifu bila sababu.

Kutoka 500 hadi 180 hubaki upunguzaji mdogo wa mwisho. Hapo ni vyema kila nukta mpya iwe wastani wa majirani zake. Ukiokota nukta moja na kuruka nyingine, kitenge chenye mistari myembamba kitageuka fujo ya michirizi.

Sasa kutunza. Kijipicha kikishatengenezwa huandikwa kwenye akiba, ili kesho kisitengenezwe upya. Picha 3,000 zenye vijipicha vya kilobaiti 10 kila kimoja ni megabaiti 30, wakati picha zenyewe, tukikadiria megabaiti 4 kila moja, ni gigabaiti 12. Ni gharama ndogo kwa faida kubwa. Swali ni namna ya kuvipanga. Hifadhi hugawa nafasi kwa mafungu, mara nyingi ya kilobaiti 4, hivyo kijipicha cha kilobaiti 5 kinakalia kilobaiti 8. Ukiwa na maelfu ya mafaili madogo hivyo, nafasi inapotea na usomaji unakuwa wa kurukaruka. Ndiyo sababu mifumo mingine huvikusanya vijipicha vingi ndani ya faili moja kubwa. Windows XP iliweka faili la Thumbs.db katika kila folda ya picha. Kuanzia toleo lililofuata, Windows Vista, vijipicha vikahamishiwa mahali pamoja kwa kila mtumiaji.

Android ya zamani nayo ilikuwa na faili kubwa la aina hiyo, jina lake likianza na .thumbdata, ndani ya folda iliyofichwa ya DCIM/.thumbnails. Kila picha ilipewa chumba cha baiti 10,000, na chumba kilipatikana kwa kuzidisha namba ambayo simu iliipa picha hiyo kwa 10,000. Rahisi na haraka: hakuna kutafuta. Lakini namba hizo zilikuwa zikipanda kadiri mafaili mapya yalivyoingia kwenye simu. Picha yenye namba 50,000 ilikaa kwenye baiti ya milioni 500, hata kama simu ilikuwa na picha 300 tu. Kwenye kadi za kumbukumbu zenye FAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao haujui kuacha pengo tupu ndani ya faili, nafasi hiyo iliondoka kweli. Watu waliona nusu gigabaiti na zaidi imemezwa na faili wasilolifahamu. Halikuwa kirusi. Ulikuwa ni mpangilio uliotazama kasi ukasahau nafasi.

Kwa hiyo, ukikuta folda ya .thumbnails, uifute? Ikiwa imevimba kwa gigabaiti, ndiyo, na picha zako hazitaguswa. Ikiwa ni megabaiti chache, iache. Ukiifuta, simu itavitengeneza vyote upya, ikitumia prosesa na betri, na baada ya siku chache utarudi palepale. Wapo wanaoshauri uweke faili tupu lenye jina hilohilo ili kuizuia isirudi. Siwaungi mkono: utakuwa umeilazimisha simu kuifanya upya kila mara kazi ambayo ingeifanya mara moja.

Akiba ina tatizo lake jingine: kupitwa na wakati. Ukiihariri picha, kijipicha cha jana kinasema uongo. Kompyuta nyingi za Linux zina utaratibu mzuri: jina la faili la kijipicha hutokana na anwani ya picha, na ndani yake huandikwa tarehe na saa picha ilipobadilishwa mara ya mwisho. Saa zisipolingana, kijipicha kinatupwa na kipya kinatengenezwa.

Uongo huo unaweza kudhuru. Ziko programu za kuhariri ambazo hukata picha na kuacha kijipicha cha Exif kama kilivyokuwa, kikionyesha kile ulichokusudia kukiondoa: uso wa mtoto, au namba ya kitambulisho pembeni. Ni kidogo, lakini uso unatambulika ndani ya nukta 160 kwa 120. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa upya na maelezo hayo hubaki nyuma. Ikitumwa kama hati, husafiri ilivyo. Kama umekata jambo la siri na huiamini programu uliyotumia, fungua picha iliyokatwa, ipige picha ya skrini, na utume hiyo. Picha ya skrini imezaliwa kutokana na kinachoonekana tu, na haina kijipicha cha zamani ndani yake.