Utepe wa Kijani kwa wilaya za shule Marekani: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya Marekani, wakati huo chini ya Waziri Arne Duncan, ilitangaza tuzo mpya ya shule zinazojali mazingira na afya, iitwayo Green Ribbon Schools, yaani Shule za Utepe wa Kijani. Washindi wa kwanza, shule 78, walitajwa Aprili 2012. Mwaka uliofuata wilaya za shule nazo zikaanza kutuzwa zenyewe, na mwaka 2015 vyuo vikaingizwa. Habari zake hutufikia kwa vipande vipande: picha ya paneli za sola juu ya paa, watoto wameshika miche, mkurugenzi anatabasamu na kibao chake mkononi. Haishangazi basi kwamba yanayosemwa kuhusu tuzo hii mara nyingi hayaendani na mambo yalivyo.

Dhana: Wilaya ya shule ni wilaya kama hizi zetu

Msomaji wa Dodoma au Mwanza akisikia wilaya anamuwaza mkuu wa wilaya, afisa elimu na fedha zinazosubiriwa kutoka juu. Huko hali ni nyingine kabisa. Wilaya ya shule ni mamlaka yenye bodi yake, ambayo sehemu nyingi huchaguliwa kwa kura na wakazi. Bodi ndiyo inayomwajiri mtendaji mkuu, na fungu kubwa la fedha linatoka kwenye kodi ya ardhi na majengo ya eneo hilohilo, likiongezewa na la jimbo. Nchi nzima ina wilaya kama 13,000. Jimbo zima la Hawaii ni wilaya moja, wakati kwingine mji mdogo wenye shule mbili tatu una wilaya yake.

Nimeanza na hili makusudi. Mamlaka hiyo ndiyo inayolipa bili ya umeme. Ndiyo inayosaini mkataba wa mabasi, inayonunua sabuni za kudekia, inayochagua mtu wa kupulizia dawa ya mende na inayopanga watoto wale nini mchana. Mwalimu mkuu anaweza kuanzisha bustani ya mboga, ila boila la kupashia joto madarasa si lake na basi la dizeli si lake. Kwa hiyo ukiniuliza tuzo ipi ni nzito, ya shule au ya wilaya, sisiti kusema ya wilaya. Shule moja inaweza kung'ara kwa sababu ya mwalimu mmoja mwenye ari, na siku akihamishwa bustani inaota magugu. Mkataba wa umeme hauondoki na mwalimu.

Dhana: Ukijani ni miti na sola

Tuzo iliwekwa juu ya nguzo tatu: kupunguza madhara kwa mazingira pamoja na gharama, afya ya wanafunzi na wafanyakazi, na elimu ya mazingira inayofundishwa kwa dhati. Wilaya yenye sola kila paa lakini madarasa yake yananuka ukungu ilikuwa imetimiza nguzo moja tu, na kwenye tuzo hii hiyo haikutosha.

Mfano ninaoupenda unatoka Kentucky, jimbo lililojengwa juu ya makaa ya mawe. Mwaka 2010, katika Kaunti ya Warren karibu na mji wa Bowling Green, ilifunguliwa Shule ya Msingi Richardsville, inayotambuliwa kuwa shule ya kwanza ya umma nchini humo kujengwa ili izalishe umeme unaotosha matumizi yake yote ya mwaka. Kilichopigwa picha ni paneli. Kazi ngumu ilifanyika kabla yake, kwa sababu paneli wakati ule zilikuwa ghali na kila uniti ya umeme isiyotumika ilimaanisha paneli chache za kununua. Kuta zikajengwa za zege lililozungushiwa tabaka la kuzuia joto. Kupasha na kupoza madarasa kukategemea halijoto tulivu iliyo chini ya ardhi.

Kisha wakafika jikoni, na hapa ndipo pana utamu. Jiko la shule linakula umeme vibaya sana, na mlaji mkubwa ni mashine za kukaangia kwa mafuta pamoja na feni kubwa za kuvuta moshi wake. Wakaziondoa. Mahali pake zikawekwa oveni zinazopika kwa joto kavu na mvuke kwa pamoja. Bili ikashuka, na papo hapo chipsi za kuogelea kwenye mafuta zikatoka kwenye sahani za watoto. Uamuzi mmoja wa fundi umeme ukagusa nguzo mbili. (Sisi wa huku jambo la jiko la taasisi tunalijua: Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Ukitaka kujua nishati ya shule inakwenda wapi, anzia kwa mpishi.)

Sakafu nayo: badala ya vigae vya plastiki vinavyopakwa nta na kukwanguliwa kwa kemikali kali kila likizo, waliacha zege lililosuguliwa likang'aa. Gharama ya usafi ikapungua na harufu ile ya dawa haipo. Korido zikageuzwa darasa, moja inaeleza joto la ardhini, nyingine jua, nyingine maji, nyingine urejelezaji wa taka. Hiyo ni nguzo ya tatu, nayo haikuhitaji jengo jingine.

Kwa wenye ndugu Marekani, Bowling Green si jina geni. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepokelewa huko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika majumbani mwa wanafunzi wa kaunti hiyo.

Dhana: Hayo ni mambo ya wilaya tajiri

Batesville ni mji mdogo wa Arkansas. Wilaya yake ya shule ilikuwa na pengo la bajeti la dola 250,000 kwa mwaka, na walimu walikuwa wakihamia kwenye malipo bora. Mwaka 2017 ukafanyika ukaguzi wa matumizi ya nishati. Taa, madirisha na mitambo ya joto na ubaridi ikabadilishwa, na kiwanja kilichokaa bure kikawekwa paneli zaidi ya 1,400. Ndani ya miaka michache pengo likageuka ziada ya dola milioni 1.8, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaingia kwenye mishahara ya walimu.

Ukweli ni kwamba wilaya maskini ndiyo yenye zaidi ya kupata. Mwaka 2020 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba asilimia 41 ya wilaya zilihitaji kukarabati au kubadilisha mitambo ya hewa, joto na ubaridi katika angalau nusu ya shule zao. Mitambo ya aina hiyo inavujisha fedha mchana na usiku. Kanuni za tuzo nazo ziliyataka majimbo yasizisahau shule zenye watoto wengi wa familia duni.

Hata hivyo tusidanganyane: kazi kama ya Batesville inahitaji mtu anayejua kusoma mkataba wa nishati. Wilaya yenye ofisi ya watu wanne, wote wanashindana na ratiba za mabasi na upungufu wa walimu, inaweza kukaa miaka bila hata kuagiza ukaguzi. Hapo ndipo tofauti ya tajiri na maskini inapojitokeza, zaidi kuliko kwenye bei ya paneli.

Dhana: Ukishinda unapewa fedha

Mshindi hakupewa hata senti. Kilichoahidiwa ni kibao, mwaliko wa sherehe Washington na jina kutangazwa. Faida iko kwenye bili.

Dhana: Wilaya hutuma maombi Washington, na isiyo kwenye orodha ni chafu

Maombi hayakwenda Washington. Mamlaka ya elimu ya jimbo ndiyo iliyochagua na kupendekeza majina machache, kisha Wizara ikatangaza. Jimbo halikulazimika kushiriki, na liliposhindwa kushiriki, wilaya zake zote zilikosa nafasi hata zingekuwa bora kiasi gani. Aliyependekezwa ilibidi pia awe safi mbele ya sheria za haki za kiraia, afya, usalama na mazingira.

Watu pia huichanganya tuzo hii na LEED, ambayo ni cheti cha jengo chenye ada na ngazi za fedha, dhahabu na platinamu. Au huichanganya na Bendera ya Kijani ya mpango wa Eco-Schools, ulioanza Ulaya mwaka 1994 na ambao umefika hata Kenya na Uganda. Utepe wa Kijani haukuwa na ngazi na haukupima jengo peke yake.

Dhana: Nguzo ya afya ni matunda na michezo

Vimo, ila hewa ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ingia darasa la shule ya zamani ya Marekani, utaona chini ya dirisha sanduku refu la chuma lenye matundu juu. Ndilo linaloingiza hewa ya nje. Mara ngapi utakuta juu yake pamepangwa vitabu, vyungu vya maua na madaftari ya wiki nzima? Matundu yameziba, hewa haingii, watoto wanasinzia saa nane mchana na mwalimu analaumu chakula. Tangu mwaka 1995 Wakala wa Kulinda Mazingira, EPA, umekuwa ukitoa kitini cha bure cha kukagua hewa ya shule, chenye orodha ya mwalimu, ya fundi na ya mhudumu wa usafi. Kuondoa vitabu juu ya sanduku hakuhitaji zabuni.

Wadudu ni hadithi ileile. Badala ya kupuliza dawa kila mwezi iwe mende wapo au hawapo, wilaya makini huziba nyufa, hufunga mabaki ya chakula na hutumia mitego kwanza. Kwa mtoto mwenye pumu, mende ni tatizo na dawa yenyewe ni tatizo.

Na mabasi: foleni ya magari ya njano getini, injini zikiunguruma dakika kumi nzima huku watoto wakipita kwenye moshi wa dizeli. Kanuni ya kuzima injini ni ya bei rahisi kuliko basi jipya.

Dhana: Basi la umeme ni la maonyesho

Mwaka 2024 wilaya ya Oakland, California, ilihamishia usafiri wake wa wanafunzi kwenye mabasi 74, yote ya umeme. Basi la shule hulala kutwa kati ya safari ya asubuhi na ya mchana, na likizo ndefu huegeshwa kabisa. Ya Oakland yamefungwa mitambo ya kurudisha umeme kwenye gridi, hivyo yakiwa yameegeshwa yanakuwa akiba ya umeme kwa mji. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa mabasi safi ya shule. Hizo ndizo fedha hasa, na zilikuwa nje ya tuzo kabisa.

Dhana: Elimu ya kijani ni klabu na Siku ya Dunia

Mwaka 2011 Maryland lilikuwa jimbo la kwanza kutaka mwanafunzi apate elimu ya mazingira ili ahitimu sekondari. New Jersey ilipitisha mwaka 2020, na kuanza Septemba 2022, mabadiliko ya tabianchi kufundishwa tangu chekechea hadi mwisho wa sekondari, si kwenye sayansi pekee. Kupanda mche Siku ya Dunia, Aprili 22, ni jambo zuri, lakini waliotathmini waliuliza watoto wanasoma nini Oktoba.

Dhana: Mzazi mgeni hana nafasi humo

Mikutano ya bodi ya wilaya iko wazi kwa umma na kwa kawaida ina dakika za wananchi kusema. Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki, chini ya sheria ya haki za kiraia, ya kupewa taarifa muhimu za shule kwa lugha anayoielewa, ikiwemo kupitia mkalimani asiyemlipa. Ukienda, uliza mambo yenye jibu la ndiyo, hapana au tarehe: maji ya bomba yalipimwa lini madini ya risasi na majibu yako wapi, dawa ya wadudu hupulizwa siku gani, na dereva wa basi la mwanao ameambiwa azime injini akisubiri au hajaambiwa.