Kamba mkubwa sio lazima awe mzee

Utasikia mtu kashika kamba mkubwa anasema huyu kakaa baharini miaka na miaka. Wapi bwana. Kamba wengi wa bahari za joto wanaovuliwa kibiashara wanaishi kama mwaka mmoja au miwili hivi, na kwa umri ule ule jike anampita dume kwa saizi, kwahiyo ukiwapanga kwa ukubwa unaweza kukuta umepanga jinsia tu. Kwenye maji baridi mambo yanageuka, kuna kamba huyu anaitwa Pandalus borealis, anaishi miaka kadhaa na anaanza akiwa dume baadae anageuka jike, huko sasa yale majike makubwa kweli ndo wazee.

Wengine wanasema kujua umri si wahesabu pete kama kwa samaki? Samaki ana kijiwe sikioni anakaa nacho maisha yote kinaongezeka tabaka, kamba yeye anajivua ganda lote mpaka utando wa tumboni, kumbukumbu inaenda na maji. Mwaka 2012 kuna watafiti walitangaza wameona mistari kwenye vikonyo vya macho na vimeno vya kusagia vya tumboni, ikawa habari kubwa, ila wenzao wakaja kuonyesha kwa baadhi ya jamii vile vimeno navyo vinatoka na ganda la zamani, sasa hiyo mistari inahesabu nini? Mimi bado sijashawishika.

Halafu hii ya kwamba anarefuka kidogo kidogo kila siku, hapana. Akishajivua anafyonza maji anavimba ganda likiwa bado laini, likikauka ndo basi, urefu haubadiliki mpaka ajivue tena.

Kinachofanyika kwa kawaida ni kupima ganda la kichwani, kuanzia nyuma ya tundu la jicho mpaka ukingo wa nyuma, kwa milimita, kamba wengi sana kila mwezi, madume mbali majike mbali, unachora grafu ya kamba wangapi wana urefu gani, unafuatilia kilele chake kinavyosogea mwezi hadi mwezi. Hapo unapata ukuaji wa kundi, sio umri wa kamba mmoja mmoja. Na usichukue sampuli za nyavu za bahari kuu peke yake maana wadogo wa jamii nyingi wako kwenye mikoko na midomo ya mito, na wengine wanapenya kwenye matundu, utadhani hawapo kabisa.