Kabla hujaingia mtoni kuogelea, jiulize mvua ilinyesha lini

Swali tunaloulizwa sana sisi tunaopima maji ya mto ni hili, mto huu ni salama kuogelea au sio salama? Nalielewa kabisa, mtu anataka tu kujua aingie na watoto au wabaki nje. Ila mto unatembea, maji tuliyochota jana asubuhi saa hizi yapo mbali huko chini, kwaiyo ukipewa ndio au hapana bila kuambiwa ni ya siku gani haikusaidii sana.

Kazi yenyewe iko hivi. Tunaingia mpaka pale watu wanapoogelea kweli, sio pembeni kwenye matope, tunazamisha chupa isiyo na vijidudu kama sentimita 30 chini, tunaiweka kwenye boksi la barafu na kuiwahisha maabara. Tunachotafuta ni bakteria anaitwa E. coli, anaishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Aina zake nyingi hazina madhara, lakini wakiwa wengi ujue kinyesi kimeingia mtoni, na kinyesi kinakuja na vijidudu vingine vya kuharisha na kutapika. Marekani kwa mfano, mwongozo wao wa 2012 unataka wastani usizidi 126 kwenye mililita 100 za maji. Sasa hao bakteria lazima wakuzwe kwenye joto, mara nyingi masaa 18 mpaka 24, ndo wahesabike, yaani majibu ya leo ni ya maji ya jana.

Ndo maana nasisitiza sana mvua. Mvua kubwa inasomba mavi ya mifugo, inafurisha vyoo na chemba za maji taka, vyote vinashuka mtoni ndani ya masaa machache tu. Paris walipiga marufuku kuogelea mto Seine mwaka 1923, wakaja kujenga mpaka tanki la chini ya ardhi la mita za ujazo 50,000 kuzuia maji machafu yasifike mtoni, na bado Olimpiki ya 2024 mvua ilinyesha wakaahirisha triathloni ya wanaume (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia) kwa siku moja. Kwaiyo baada ya mvua kubwa subirini siku 2 au 3, hata kama maji yameshakuwa meupe, maana bakteria hawaonekani kwa macho.

Alafu kuna vitu kipimo hiki hakivioni kabisa. Kichocho kinatoka kwa konokono wa majini na kinapenya kwenye ngozi bila hata kumeza tone, kwaiyo panapojulikana kuwa na kichocho majibu mazuri ya E. coli yasikudanganye. Ukiona utando wa kijani juu ya maji usiingie, na mbwa asinywe, unaweza kuwa na sumu. Mwenye kidonda kibichi naye abaki nje. Na homa ikikupata wiki chache baada ya kuogelea, mwambie daktari kwamba uliingia mtoni, wengi hawasemi na yeye hawezi kubuni.