Namba Moja, Volti Tofauti
Wengi wanaotengeneza kompyuta za kale huamini kwamba chipu za mantiki (zinazochakata ishara za 0 na 1) zenye tarakimu zilezile za mwisho, kama 74LS00 na 74HC00, zinaweza kubadilishana nafasi bila shida, kwa kuwa pini zimepangwa sawa na kazi ni ileile. Tatizo limo katika volti. Chipu ya LS inapotoa ishara ya juu, yaani 1, huhakikisha volti 2.7 tu, ilhali ya HC inayoendeshwa kwa volti 5 huhitaji takriban 3.5 ili kuitambua. Hivyo mashine huweza kuwaka leo na kesho ikagoma, hitilafu inayochosha kuliko chipu iliyokufa kabisa. Aina nyingine ya chipu hizi, HCT, ambayo hutosheka na volti 2 kutambua ishara ya juu, hufaa zaidi, mradi pini zake za kupokea ishara zisiachwe zikielea, yaani bila kuunganishwa popote.