Kwa nini tunasema "mtu wa vitendo", si "mtu wa kitendo"?

Umewahi kusikia mtu akisifiwa kuwa ni "mtu wa kitendo"? Sifa hii huja kwa wingi: mtu wa vitendo. Na wingi huo una maana yake. Kitendo kimoja ni tukio tu, hutokea kikapita, na mara nyingi tukikitaja peke yake huwa tunalalamika: "Kitendo kile kimetuudhi." Tabia haionekani mpaka vitendo viwe vingi. Mtu wa vitendo ni yule ambaye wazo likitolewa, huuliza papo hapo litaanzia wapi, litafanywa na nani, na likikwama itakuwaje.

Mbona basi tusimwite mtendaji? Kisarufi neno hilo lingemfaa kabisa, maana -aji huonyesha mazoea, kama katika msomaji na mchezaji. Lakini limeshachukuliwa na ofisi: katibu mtendaji, mkurugenzi mtendaji. Limekuwa cheo, na cheo si tabia. "Mtenda" nalo halisimami peke yake, lazima useme ametenda nini: mtenda wema, mtenda dhambi. "Mtekelezaji" linakaribia, ila yeye hutimiza jambo lililokwisha kupangwa, pengine na mwingine.

Utamu wa neno "vitendo", kwangu mimi, uko kwenye jozi yake: nadharia. Hilo limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutazama. Wagiriki nao walipita njia hiyohiyo: neno lao la nadharia, theoria, linatokana na kutazama, na praktikos linatokana na kutenda. Lugha zisizo na undugu zimegawana kazi vilevile, macho upande mmoja, mikono upande wa pili.

Kiswahili kimeupenda mzizi huu wa tenda kuliko tunavyofikiri. Umezaa neno "kitenzi" lenyewe, na kauli za vitenzi tunazitaja kwa jina lake: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendeka.

Jambo moja huwachanganya waandishi. "Kwa vitendo" hueleza namna jambo linavyofanywa: amejifunza udereva kwa vitendo. "Kivitendo" hueleza upande ambao jambo linatazamwa kutoka kwake: kinadharia mpango huu ni mzuri, kivitendo hautekelezeki. Ukisema "amejifunza udereva kivitendo", msomaji anaweza kudhani hajafuzu rasmi, ila kuendesha anaweza.