Kostiki soda ni nini hasa, na kwa nini inaunguza

Kostiki soda ni jina la sokoni la sodiamu haidroksaidi, NaOH, vile vipande vyeupe ambavyo watengeneza sabuni wanavijua sana. Wengi wanadhani ni asidi kwa sababu inaunguza, lakini sio asidi hata kidogo, ni kinyume chake, ni besi kali, na kinachoifanya iunguze ndo hichohicho kinachoifanya itafutwe na viwanda.

Ikiingia kwenye maji inaachana yote, sodiamu kivyake na haidroksaidi (OH) kivyake, na hiyo OH ndo yenye kazi. Ikikutana na mafuta inayavunja yanakuwa sabuni na gliserini. Sasa ngozi nayo ina mafuta, kwa hiyo maji ya kostiki yakikugusa vidole vinateleza na mtu anaona kawaida tu, kumbe ule utelezi ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yanageuka sabuni palepale, alafu maumivu yanaweza kuchelewa wakati kidonda kinazidi kwenda ndani. Kama ni vipande vikavu vipanguse kwanza, alafu maji mengi yanayotiririka bila kukatisha, na ikiingia jichoni suuza hivyohivyo na hospitali uende. Siki wala ndimu usipake jamani.

Ikiyeyuka inatoa joto kali, ndo maana unatia kostiki kwenye maji kidogokidogo, usimwagie maji juu ya kostiki, yanaweza kuchemka ghafla yakakurukia usoni. Na sufuria ya alumini usiitumie kabisa, inaliwa na inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto.

Viwandani huko kula alumini ndo faida yenyewe. Udongo wa boksaiti, ule unaotolewa alumini, unapikwa na kostiki, oksaidi ya alumini inayeyuka, chuma kinabaki kama tope jekundu, njia ya mkemia Carl Josef Bayer ya miaka ya 1880 na mpaka leo ndo hiyo. Kwenye karatasi inasaidia kutoa lignini inayoshikanisha nyuzi za mbao. Inatumika pia kupunguza ukali wa maji yenye asidi.

Yenyewe inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na hapa kuna kitu wengi hawakijui: huwezi kupata kostiki peke yake kwa njia hii, kila tani 1 ya klorini inatoka na kostiki kama tani 1.1, pamoja na haidrojeni. Kwa hiyo klorini ikikosa soko, mfano mabomba ya PVC, plastiki inayotengenezwa kwa klorini, yasiponunuliwa, viwanda vinapunguza uzalishaji na kostiki inaadimika, bei inapanda hata kama wenye sabuni hawajaongeza oda.

Na ukishaifungua funga kopo haraka, inavuta unyevu na kabonidaioksaidi ya hewani inageuka taratibu kuwa sodiamu kaboneti, ukija kuipima uzito ni uleule unaoutaka lakini nguvu imepungua na sabuni haishiki.