Je, wajua dibaga (programu ya kutafutia makosa ndani ya programu nyengine) inamkamata vipi anaeigusa namba iliyomo kwenye programu yako?

Msimu wa karafuu kuna rafiki yangu wa Wete kaandika programu kwa lugha ya C, ya kuwekea kilo za wakulima, jina la mtu na kilo zake pembeni. Ikawa wengine kilo zao sawa, wengine vioja vitupu, mtu kaleta kilo 40 kompyuta inasema 1,751,216,748, yaani Pemba nzima haina karafuu hizo. Kodi, yaani maandishi ya programu, kaisoma mpaka macho mekundu, haoni pahala panapoandika namba ile.

Sasa hapa brekipointi ya kawaida haisaidii, maana ile unaiambia programu isimame kwenye mstari fulani, na mstari wenyewe ndo huujui. Unachotaka ni kinyume chake: simama popote pale ikiguswa namba hii. Hiyo ndo wochipointi.

Dibaga inaweza kuifanya kienyeji, iendeshe programu amri moja moja na kila amri iangalie namba imebadilika au bado. Ni kama umeanika karafuu nje nawe unapika, kila ukikata kipande cha kitunguu utoke ukatazame majamvi mbuzi hajafika, chakula kitaiva lini? Wenyewe wa GDB, dibaga moja maarufu, wanasema njia hii inaweza kuwa polepole mara mamia.

Ila prosesa yenyewe inaweza kulinda. Toka Intel 80386 ya mwaka 1985 kuna rejista nne (vijisanduku vya kuwekea namba ndani ya prosesa yenyewe), DR0 mpaka DR3, kila moja unaweka anwani ya memori, na DR7 unaiambia ukubwa wa kitu na kama unataka kujua kikiandikwa tu au hata kikisomwa. Baada ya hapo programu inakwenda mbio zake kama kawaida, chipu inalinganisha yenyewe.

Kwa anaetengeneza dibaga yake kwenye Linux, rejista hizo huzigusi moja kwa moja, ni mali ya kerneli (kiini cha Linux), unaiomba kwa ptrace, wito wa kuongozea programu nyengine, ikuandikie. Ikiguswa anwani programu inasimama kwa ishara ya SIGTRAP, unasoma DR6, rejista ya ripoti, ujue ni ipi katika zile nne, halafu DR6 uifute mwenyewe maana prosesa haifuti (hapa watu wengi wanapotea, mie nikiwemo). Na kila thredi (tawi la programu linalokwenda sambamba na mengine) ina rejista zake, ukiweka kwenye moja tu nyengine inapita huoni kitu. Jengine, prosesa inasimama baada ya kuandika, si kabla, kwa hivo amri unayooneshwa ni ile inayofuata, mkosaji yuko nyuma yake.

Nafasi nne tu lakini, na kila moja mwisho baiti 8, kwa hivo usitegemee kulinda orodha nzima ya wakulima.

Tukaziwekea kilo za mtu mmoja wochipointi, kwa amri ya watch. Mara ya kwanza ikasimama kilo zinapoandikwa, halali. Mara ya pili ikasimama ndani ya strcpy, ile ya C ya kunakili maneno bila kupima nafasi, inanakili jina! Jina alilipa baiti 16, herufi moja baiti moja, na kilo zimekaa jirani tu, sasa Mwanakhamis Abdulrahman ana herufi 23 na nafasi ya katikati, ikifika "Abdu" pamejaa, "lrah" ikaingia kwenye kilo. Herufi hizo nne ukizisoma kama namba ndo ile bilioni na kitu.

Kaongeza mpaka baiti 64, nikamwambia na strcpy yenyewe aitoe, Pemba kuna majina yakhe.